Tonge la Kwanza

...na sasa tonge liko mkononi na haliendi popote, nimelifinyanga, nimelichovya kwenye mchuzi, nimelishusha tena, na wote wananiangalia, maana huku kwa kina Osward mbuzi akichinjwa kwa ajili yako hakuna anayegusa sahani kabla wewe hujameza tonge la kwanza, na mbuzi huyu ni wangu, amechinjwa leo asubuhi kwa sababu mimi, mke wa Osward, mwalimu Honoratha, nimetoka hospitali na nimepona... “Kula, mwanangu,” anasema mama mkwe, “mbona unakiangalia chakula kama mtoto anayeangalia mtihani?” nacheka, Osward anacheka, wifi yangu Naomi anacheka, na tonge linapoa, dogo tu, zamani ningemeza manne ya namna hii huku naongea, lakini ni ugali wa udaga, unga wa muhogo, mzito, unanata, na najua utakwama wapi, hapa chini ya kifua, kama ile chapati ya ofisini kwa walimu, kule shuleni kwetu Nyamisangura, nilipojisahau kwa sababu ya soga, nikatafuna harakaharaka, kifua kikabana, mate yakajaa mdomoni kama povu la sabuni, nikakimbilia nyuma ya choo, na niliporudi wenzangu wakaniuliza kama kuna habari njema, habari njema, jamani, wakati daktari amenikataza hata kushika mimba mpaka mwili utulie... nikitapika hapa, mezani kwake, mbele ya mbuzi wake, nitaiweka wapi sura yangu.

Daktari wa watu sina la kumlaumu, kila kitu alinieleza, kabla ya operesheni nilishinda na vitu vya majimaji tu ili ini lisinyae, nikawa naota ndizi za kwetu Bukoba zimepikwa na maharage, mama mmoja mshauri wa pale hospitali akaniuliza kama huwa nakula nikiwa na huzuni, nikamwambia nakula nikiwa na chochote, halafu daktari akachora tumbo langu, akakata sehemu kubwa kwa kalamu, akasema litakalobaki litakuwa mfano wa ndizi, nikamuuliza ndizi ya kupika au ya kuiva, maana kwetu hizo ni habari mbili, hakucheka... na nilipozinduka waliniinua nitembee, nikawa natambaa na ukuta huku gesi imenipanda mpaka begani, nikapewa maji kwenye kikombe cha dawa ya kikohozi, nionje, nisinywe, nywele zitanyonyoka halafu zitarudi, vitamini ni mpaka kaburini, nyama kwanza ndipo ugali, tafuna mpaka iwe uji, maji mbali na chakula, soda kwaheri, yote alisema, ila kuhusu nyumba hii ya karibu na bwawa la Manchira hakusema neno, wala kuhusu mwanamke huyu ambaye siku ninaletwa hapa kama bibi harusi alinizunguka akipiga vigelegele, akawaambia majirani kwamba mwanawe ameleta mwanamke, si fimbo ya kuchungia ng’ombe... alinipenda hivyo, kwa uzito wangu wote, sasa nitamwambiaje kwamba nimelala kwenye meza ya operesheni kwa hiari yangu nikaomba nipunguzwe tumbo, kwamba ule mwili aliousifu ulikuwa unanikata pumzi usingizini hadi Osward ananitikisa, presha juu, sukari juu, magoti hayanibebi darasani, sikwenda kutafuta urembo, mama, nilikuwa naogopa kufa, lakini Osward njiani ameniambia, “Usimwambie, ataona tumekitupa chakula chake, sema ni uvimbe tumboni, wameutoa, yameisha,” nami nikakubali, ni rahisi, ni neno moja tu, uvimbe.

“Au nyama ni ngumu?” anauliza, anasogeza bakuli, ananichagulia kipande laini kabisa, anapuliza moto wake kwa mdomo kama anampoozea mtoto, na gauni langu linaning’inia mabegani, naona anaviangalia vifupa vya shingo yangu halafu anakwepesha macho, na mimi, ili tu aache kuniangalia, nasema, “Hapana, mama, nyama ni nzuri. Sina hamu tu,” na kicheko kinakatika. Naomi anainamia sahani. Mkono wa mama umebaki juu ya bakuli, haushuki wala haurudi, na macho yake yameenda ukutani, kwenye picha ya Kezia, dada yao kina Osward... Mungu wangu, Kezia, naye alikaa kwenye kiti hiki, alirudi kutoka mjini amekonda, figo zimekwisha, Osward anajua, Naomi anajua, hata mimi najua, wakasema mama asiambiwe, presha itampanda, basi mama akapika, akachinja, akakoroga uji, akabadilisha mboga, na Kezia kila siku anamjibu kwa upole, sina hamu tu, mama, sina hamu tu, mpaka tulipomzika, na mama pale kaburini hakulia kwa sauti, aliwageukia wanawe akasema, “Mliniacha napika tu”... nami nilikuwa pale, nimemshika mkono, niliyasikia kwa masikio yangu, halafu nimekuja leo na maneno yaleyale. Si chakula, basi, anachokiangalia. Nilidhani ananipima kama nimemdharau, kumbe anahesabu mifupa, amechinja mbuzi ili aone kama mtu huyu bado anameza, tangu nishuke kwenye gari anatabasamu na ndani anazika, na mimi hapa naogopa aibu, naogopa kutapika, naogopa maneno ya majirani, jamani, Honoratha, una akili kweli... Osward ananikanyaga mguu chini ya meza, ameshaniona, ananijua ninapovuta pumzi hivi, mwache akanyage, ugali umepoa, hakuna aliyegusa sahani, tonge bado liko mkononi mwangu, na mama bado anaiangalia picha.

“Mama,” nasema, “mimi sifi.”