Asumini ya Mama Yangu

Sikwenda Msambweni kugombana. Nilikwenda nimepakata kopo la rangi lililojaa udongo, na ndani yake mche mmoja wa asumini, wa mwisho katika shamba langu la Gazi. Mingine yote tulikuwa tumeing'oa na kuichoma moto.

Ilianza na majani. Mche unapata maji, lakini mchana unalegea tu. Nikauzidishia maji, nikautia samadi, nikawalaumu hata wenye macho mabaya. Bwana shamba kutoka Matuga, kijana anayeitwa Muema, akachana shina moja kwa kisu akanionyesha mstari wa kahawia ndani.

"Mama, hii ni kuvu," akasema. "Inakaa kwenye udongo, inaingilia mizizini. Ukiona majani yamenyauka, ujue ndani kumekwisha zamani. Na udongo wa hapa usiupeleke kwa mtu."

Tukafunika ardhi kwa nailoni ili jua liichome. Nikapanda upya, ikafa upya. Shamba lililowavisha vikuba vya maua maharusi wa Gazi mpaka Ukunda sasa lina mahindi, na mahindi mimi sina haja nayo.

Huu mmoja ulisimama ukutani peke yake, majani yake mabichi. Ni asumini ya mama yangu: maua mazito, harufu yake hukaa kwenye nywele mpaka asubuhi. Nilitaka mwanangu Subira aupande kwa mumewe, ili nikifa usife pamoja nami.

Subira ameolewa nyumba ya asumini. Mama mkwe wake, Twaiba, ana safu mpaka nyuma ya kisima, na hoteli za Diani hununua kwake. Mlangoni pa ua wake nikakuta beseni la maji yanayonuka dawa ya jiki.

"Hodi!"

"Karibu, mkwe wangu. Lakini niwie radhi, uoshe miguu kwanza. Na ndara."

Mimi, nyanya wa mjukuu wake, nioshwe kama niliyekanyaga choo! Nikaosha, hasira zimenipanda mpaka puani. Ndipo Twaiba akaliona kopo.

"Hilo haliingii, Mwanaima. Usinifanye nikuvunjie heshima."

"Mche mzima huu. Tazama majani yake."

"Hata yale yako yalikuwa mazima."

Ningalimjibu, na ulimi ninao. Lakini Subira akatoka na mtoto begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikaitikia, nimelikumbatia kopo.

Akatutazama sote wawili. Akampa Twaiba mtoto, akaingia ndani, akarudi na kisu cha jikoni.

"Tukate, mama. Tukikuta kweupe, nitachukua kijiti cha hapo peke yake, nikipande kwenye udongo safi. Mama mkwe, utakubali?"

"Kukiwa kweupe, nitakipanda kwa mkono wangu," Twaiba akasema.

Kisu kama hicho ningaliutia mche huu mwenyewe kule Gazi. Muema alikwisha kunifunza. Sikuutia kwa sababu niliogopa, basi.

Subira akakata chini, karibu na udongo. Kahawia. Akakata juu yake kidogo. Kahawia.

"Panda juu," nikamwambia.

Akapanda. Vipande vikawa vinaangukia koponi, kila kimoja na mstari wake, na mstari unazidi kuwa mwembamba, nami nikatumaini kama mjinga. "Juu zaidi." Akafika kwenye kijiti cha mwisho, chembamba kama njiti ya kiberiti, chenye ua moja lililochanua. Akakata.

Akanionyesha: mstari mwembamba, kahawia.

Nikalichukua lile ua. Nilitaka kumchomekea Subira kwenye nywele, kama mama yangu alivyonichomekea mimi siku ya harusi yangu. Nikanyoosha mkono, na Subira, mwanangu wa kumzaa, akarudi nyuma.

"Nalo pia, mama," akasema huku analia. "Litie koponi."

Nikalitia. Twaiba akaniletea mafuta ya taa na kiberiti, naye macho yamemjaa machozi, na hapo sikuweza hata kumchukia. Nikavimimina vile vipande nje, kando ya njia, nikaviwasha mwenyewe. Ua liliungua mwisho. Likanukia vizuri mpaka likaisha.