Majani ya Mjomba Qamara

Majani mabichi yalitetemeka mkononi mwa mzee Qamara, uwanja wa mkutano ukanyamaza. Huku chini ya Mlima Hanang, anayekunyooshea majani anakuomba amani, na ukiyapokea, umemkubalia ombi lake.

Alimnyooshea shemeji yake Sulle, mwenyekiti wa kijiji. Kesho yake asubuhi trekta za shamba la ngano la serikali zingelima pale alipolala baba yake Qamara.

Sulle aliiweka mikono nyuma. "Shemeji, mwaka wa njaa nilizika watoto wawili."

"Nilikusaidia kuchimba."

"Basi waache walio hai wale. Mfu hasikii njaa."

"Na mtu asiye na kaburi la baba yake, Sulle, atakula mkate wa ngano hiyo akiwa nani?"

"Akiwa ameshiba," mmoja akadakia nyuma. Upande mmoja ukacheka. Upande wa pili ukawaita wala makaburi.

Mwalimu Zita, binti Sulle, alikuwa akiandika muhtasari wa mkutano. Baba yake hakuwa na roho mbaya. Alisikia bado kilio cha wale wawili. Mjomba wake Qamara hakuwa mpinga maendeleo. Alisikia kitu kingine, kutoka chini ya udongo. Kila mmoja alimshangaa mwenziwe kana kwamba amezaliwa bila sikio.

Mkono wa mzee ulizidi kutetemeka. Zita hakuvumilia. Aliinuka, akayapokea yale majani, ampumzishe tu.

Qamara alishusha pumzi. "Asante, mama," alisema taratibu. Kisha akawageukia wazee waliokuja na mablanketi yao, tayari kulala penye kaburi kuzuia trekta. "Twendeni nyumbani. Yamepokelewa na nyumba ya Sulle."

Zita alifungua kinywa kueleza. Baba yake alikuwa ameshaanza kuhesabu mikono iliyonyooshwa, na ya kukubali kulima ilikuwa mingi. Akainama, akaandika hesabu.

Kulipopambazuka, trekta zilinguruma. Zita alikimbia hadi pembeni mwa shamba, akakuta matuta mapya, meusi, yamenyooka mpaka mbali. Mjomba wake alikuwa amesimama peke yake, fimbo mkononi, akitafuta kwa macho mahali lilipokuwa kaburi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Hakukasirika; angekasirika ingekuwa nafuu. Alimtazama mikono. "Majani yako wapi, mama?"

Zita akafungua daftari la muhtasari. Yalikuwamo, katikati ya kurasa, bado mabichi.