Oktoba ya Luhende

Asubuhi moja ya Juni, mwaka 1995, Luhende alikuwa ameketi uani kwake Ilembo akipaka mafuta kamba yake ya magome, ile aliyoitumia kupandia miti yenye mizinga ya nyuki. Baridi ilikuwa kali. Mkewe, Esteria, alikuwa amevaa sweta na kujifunga kanga juu yake. Luhende akavua koti, akavua shati, akavua na fulana. Kanta aliyojipaka ndevuni ili aonekane kijana ikaanza kumchuruzika kifuani kama wino. Juu ya kichwa chake, mti wa mtundu uliokuwa kona ya ua, ambao kwa kawaida husubiri Oktoba, ukachipua majani mekundu, kisha ukachanua. Nyuki wakaja.

Esteria aliendelea kupepeta mchele.

"Limeanzia kifuani au shingoni?" akauliza.

"Nini?"

"Joto."

"Ni jua hili," alisema Luhende. Jua lilikuwa halijatoka.

Mambo yalikuwa yamebadilika tangu masika. Luhende alikuwa akilia kila redio ilipotangaza vifo, hata vya watu wa mikoa ambayo hakuwahi kufika. Alikuwa amefukua sandukuni suruali yake ya bugaluu, akaivaa mpaka mapajani, na hapo suruali na yeye wakashindwa kuelewana. Mambo ya usiku yalikuwa yamepoa, jambo la kushangaza kidogo kwa mtu mwenye joto kiasi kile, naye alisingizia mgongo. Alikwenda zahanati. Mganga, Venant, akamuuliza umri.

"Bado kijana," akajibu.

Venant akafunga dirisha, maana nyuki walikuwa wanaingia, akampa klorokwini. Mwembe wa zahanati ukachanua mgonjwa alipokuwa akiimeza.

Oktoba iliyokuja na joto hilo haikuwa Oktoba yoyote tu. Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1969, na Luhende aliijua kama mtu anavyojua kikohozi cha baba yake. Joto lilipompanda, upepo ulinuka majani yaliyoungua na nta mbichi, na kutoka upande wa reli ikasikika honi ya garimoshi la makaa, ingawa injini za makaa zilikuwa zimekwisha kuondolewa zamani. Mwaka ule alikuwa akipanda mti huku kamba kaiuma kwa meno, na akifika juu anaimba. Mwaka ule ndipo alipomwona Esteria stesheni ya Ugalla akiuza karanga, akanunua sinia zima kwa sababu hakujua la kumwambia.

Mwisho wa Juni warina asali walipanda treni kwenda Ugalla, wakaingia porini kwa baiskeli. Kambi yao ilikuwa na desturi moja isiyojadiliwa. Mtu akishindwa kupanda mti hapewi pole. Mkuu wa kambi huleta sufuria ya ugali na kuiweka mbele ya miguu yake bila neno, na kuanzia siku hiyo mtu huyo hupika, huosha vyombo na huitwa shangazi. Hakuna aliyewahi kuirudisha sufuria. Luhende aliwaza sufuria hiyo safari nzima.

Siku ya kwanza alichagua mninga aliouzoea. Akafika katikati. Hapo akashindwa kuendelea, akaukumbatia mti kama ndugu aliyekuwa amepotea.

"Mzee, unaupima mti au unaulalia?" aliita Methusela, kijana aliyekuwa juu ya mti wa jirani.

"Mzee ni baba yako!"

"Baba yangu yuko chini, anakusubiri."

Ilikuwa kweli. Baba yake Methusela ndiye Makarius, mkuu wa kambi, na alikuwa amesimama chini ya mninga ameshika sufuria. Luhende akateleza taratibu mpaka chini, ngozi ya tumbo ikabaki kwenye gamba la mti. Makarius akaiweka sufuria mbele ya miguu yake, akaangalia pembeni kwa sababu walikuwa wamekua pamoja.

"Shangazi," alisema Methusela kwa heshima zote, "chumvi nipunguzie."

Luhende alifungua mdomo amjibu, na joto likampanda. Lilianzia shingoni. Miti yote iliyomzunguka ikachipua mekundu, ikachanua, na nyuki waliokuwa wamefukuzwa kwa moshi wakarudi makundi kwa makundi. Mizinga iliyokwisha kurinwa ikajaa tena mpaka asali ikawa inadondoka kwenye majani makavu. Honi ya garimoshi la makaa ikalia. Kisha kutoka juu ya mti mmoja usio na mtu ikasikika sauti ya mtu anaimba.

Makarius akavua kofia. "Huyo ni Yotham," alisema. Yotham alikuwa kaka yake, aliyeanguka mtini na kufa mwaka 1971.

"Ndiye," wakakubali wenzake. "Anakosea ubeti uleule."

Wakakaa chini wote, wakamsikiliza mpaka joto lilipopoa na maua yakapukutika. Mmoja akafuta macho kwa mkono wa shati, akasema ni moshi. Makarius akainama, akaichukua sufuria, akaipeleka kwa Methusela kwa sababu ya mdomo wake. Luhende akaletewa kiti. Tangu hapo kazi yake kambini ilikuwa kukaa, na kazi ya wengine ilikuwa kuhakikisha hapoi.

Alirudi Ilembo na madebe ya asali na kifua mbele. Akamhadithia Esteria yote, na mengine akayahadithia mara mbili. Esteria alisikiliza mpaka mwisho.

"Mpera wangu nyuma ya jiko," alisema, "miaka ile ulizaa kiangazi na masika. Ulidhani ni kwa nini?"

"Maji ya vyombo."

"Ilikuwa ni mimi. Joto lilianzia kifuani. Nilikuwa nasikia hata sauti ya mama yangu akiniita kuchota maji. Nikikuamsha nikuambie, unanisukuma, unasema nakuchoma kama tanuri. Ukamuuliza jirani kama nimerogwa. Mwisho ukachukua mkeka wangu, ukauhamishia jikoni, na mpaka leo nalala huko, chumbani naingia ukiniita tu. Nyie likiwapata mnaletewa kiti."

Luhende alikaza kifuniko cha debe la asali.

"Sikutakii ubaya, Baba Suzana. Nataka nirudi chumbani kwangu. Halafu wenzako uwaambie, wake zao wasilale na majivu kama mimi."

"Nitawaambia," alisema Luhende, na wakati ule alimaanisha. "Chumbani tungoje kwanza. Oktoba mbili katika chumba kimoja, hata bati litachanua."

Esteria alicheka, maana alikuwa bado anampenda. Kisha akabeba debe lake la asali na kwenda nalo jikoni, ambako vitu vyake vyote vilikuwa.

Kiangazi kilichofuata walirudi Ugalla. Luhende alikuwa kitini chini ya mizinga, nyuki wamemtulia ndevuni, ndevu ambazo sasa hazikuwa na kanta. Wenzake walikuwa wamemzunguka wakingoja joto. Makarius akasogeza kigoda chake karibu, akashusha sauti.

"Bwana, mke wangu ana jambo. Usiku anawaka. Anatupa blanketi, anakaa mlangoni. Na mwembe wangu umezaa wakati usio wake. Nawaza nimrudishe kwao. Wako alipata kuwa hivyo?"

Wote walimgeukia Luhende. Aliona kwamba neno lilikuwa fupi tu, lingetoka kwa pumzi moja. Aliona pia kwamba akishasema hili ni jambo moja, lake na la wanawake, Methusela atakwenda kuleta sufuria, na safari hii haitaondolewa. Nyuki mmoja akatembea kwenye mdomo wake wa chini, akangoja.

"Usimrudishe kwao," alisema Luhende hatimaye. "Watu watasema."

"Sasa nifanyeje?"

"Jiko lako lina nafasi?"

Makarius akafikiri. "Lina."

"Basi."

Makarius akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akampiga Luhende begani. Joto likapanda. Miti ikachipua mekundu, ikachanua juu yao, na upande wa reli garimoshi la makaa likapiga honi likiingia stesheni. Wanaume wakavua kofia, wakanyamaza, ili wasipitwe na hata sauti moja ya ujana wao.