Wali Usioiva Mlimani

Mimi Faki, mzaliwa wa Mtongwe, nimepika wali wa nazi tangu sijaota ndevu, na Likoni nzima haijatokea harusi iliyolalamika kwamba wali wa Faki una kiini. Sijisifu. Nasema ili ujue nilipanda mlima na kiburi cha namna gani.

Vita vilikuwa vimekwisha, na mzungu niliyempikia, mtu wa bandarini, akajitia kichwani kwamba lazima afike kilele cha Kilimanjaro. Mlima wenyewe haujui, yeye kazi yake meli. Akanichukua mimi, na Chengo wa Chaani, aliyekuwa mtu wake wa kuni na moto jikoni. Mke wa Chengo, Kafedha, alikuwa mja mzito, na kazi ile ndiyo iliyowalisha. Najua vizuri, maana mimi ndiye niliyemtafutia.

Siku ya nne tukafika kibanda cha mwisho, cha mabati, juu kabisa, mahali hata jani halioti. Kuni tulizipandisha kwa migongo. Na baridi! Baridi gani ile, jamani? Mafuta ya nazi yaliganda chupani. Bwana kajilaza juu ya mbao, kichwa kinamgonga, anataka wali.

Nikateleka. Maji yakachemka upesi, nikafurahi. Nikatia mchele, nikafunika, nikapalia makaa, nikangoja. Nikafunua: mgumu. Nikaongeza maji. Mgumu vile vile. Mara ya tatu ukawa uji nje, changarawe ndani. Wapagazi wa kule wanakula zao viazi walivyopika chini, wananitazama tu.

"Nini hii?" bwana akauliza, akautema.

Ningesema sijui, ningekufa? Lakini mimi, Faki, nishindwe na wali!

"Ni kuni, bwana," nikasema. "Chengo kaleta kuni mbichi. Namwambia, hasikii. Mvivu huyu."

Tena nikamgeukia mbele ya wapagazi wote. "Mtu wa nyika wewe, utajua nini habari ya moto?"

 Chengo aliinama akaokota kuni moja, akaivunja, akainusa.

Bwana akamfukuza kazi papo hapo. Kulipokucha Chengo akateremka peke yake. Mimi nasugua sufuria, mpagazi mmoja mtu mzima akaniambia kwa upole, "Mpishi, huku juu wali hauivi, hata uchome msitu mzima. Maji ya huku huchemka kabla hayajapata moto."

Wenzake wakacheka. Nikainua uso. Chengo bado anaonekana kule chini kwenye mawe, na ningemwita angesikia. Bwana yuko nyuma yangu hatua tano, anafunga viatu. Nikanyamaza. Niliona haya wapagazi wasije wakanicheka zaidi. Basi. Sababu nyingine nimeitafuta, wallahi, sijaiona.

Mwezi mzima ukapita. Ijumaa moja, baada ya sala, nikavuka maji nikaenda Chaani kusema kweli. Nilishaazimia: nimwambie Chengo, kisha twende wote kwa bwana arudishwe kazini. Nikamkuta kando ya barabara anavunja kokoto, vidole kavifunga vitambaa. Kafedha kaketi karibu, anamnyonyesha mtoto mchanga.

Chengo akaweka nyundo chini, akanijia mbio.

"Shikamoo, kaka Faki."

"Marahaba."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kaka, tangu siku ile nataka kuja kwako, naona haya. Zile kuni nilizikagua moja moja, nikaona kavu. Lakini wewe hujashindwa na wali hata siku moja, kwa hiyo kosa ni langu. Nilikuaibisha mbele ya bwana. Nisamehe, kaka."

Kafedha naye kaniinulia macho, anangoja. Maneno yangu yote yalikuwa pale pale ulimini. Astaghfirullah.

"Yamekwisha, Chengo," nikasema. "Nimekusamehe."