Kura ya Kwanza ya Munene

Wamucii, mjane wa miaka sitini na nane, mwenye ng'ombe wawili na ndizi nyingi kuliko anazoweza kula, alikuwa na kura moja huko Marekani, na kura hiyo ilikaribia kumtia wazimu.

Usiniulize kura ya Marekani ilifikaje Mukurweini, nitakwambia mwenyewe. Mwanawe wa pekee, Munene, alienda New Hampshire miaka kumi na minne iliyopita. Huko akatunza wazee wa watu, akawaosha, akawalisha kwa kijiko, mpaka mwezi wa tisa uliopita akala kiapo akawa raia. Sasa, kwetu kijana akipata mshahara wa kwanza hauli. Anamletea mzazi wote ulivyo, mzazi anaubariki, ndipo maisha yanaanza. Munene hakusahau alikotoka. Jumapili moja ya Januari akapiga simu.

"Mami, Jumanne ya wiki ijayo napiga kura mara ya kwanza. Nimefikiria, hii nayo ni kama mshahara wa kwanza. Ni yako. Niambie nimpigie nani."

"Haiya! Mimi? Na wako nani na nani?"

"Ni mchujo wa Republican. Wanatafuta mmoja wa kusimama urais. Walikuwa kumi na mmoja, saa hii wamebaki wanne. Nitakutumia video zao."

Wamucii alifurahi mpaka akasahau kuuliza kama watu wamekula. Halafu Kagendo, mke wa Munene, akamleta mjukuu kwenye simu, mtoto ambaye naye pia ni Wamucii, maana kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Alikuwa na miaka mitatu. Akamwonyesha nyanya yake kiatu, kimoja tu, cha rangi ya waridi, akakiondoa, akakionyesha tena. Huyo ndiye alikuwa yeye mwenyewe amezaliwa upya, na hajawahi kumshika hata kidole. Lakini tangu Munene ale kile kiapo, Wamucii alijua siku zinakaribia, kwa sababu raia anaweza kumwombea mamake karatasi za kwenda kuishi naye. Binti wa jamaa mmoja kule Nanyuki, Kirimi, alimwombea mamake, akaenda. Kwa hivyo kila Ijumaa Wamucii alipita posta kuuliza kama kuna barua ya kutoka ng'ambo. Kumwuliza Munene mwenyewe hakuthubutu. Mzazi haombi mambo kama hayo, mzazi hungoja aitwe.

Jumatatu asubuhi alifika kwenye kituo cha maziwa na mtungi mkono mmoja, simu mkono wa pili. Ngendo, karani wa kupokea maziwa, alisimamisha kazi. Warigia, rafiki yake Wamucii tangu ujana na mwanamke asiyejua kunong'ona, akajisogeza mbele. Foleni yote ikawa kamati.

"Wa kwetu ni yupi?" Warigia aliuliza.

"Hakuna wa kwetu."

"Hata aliyeoa kwetu?"

"Hata huyo hakuna."

"Sasa mtu anaanzia wapi kuchagua?"

Swali zuri. Walitazama video ya kwanza, ya tajiri mmoja anayeuza matrekta. Aliongea juu ya ushuru mpaka Ngendo akapima mitungi minne na jamaa hajapumua. Wa pili alikuwa mama mwenye miwani, aliyewatukana wale wengine wote mmoja baada ya mwingine, bila kuwasahau.

"Ngoja kwanza," alisema Ngendo. "Hawa si ni chama kimoja?"

"Ni kimoja."

"Na wanatukanana hivi? Akishindwa huyu mama atahamia chama gani?"

"Munene anasema hawahami. Ati anayeshindwa anasimama jukwaani, anamshika mkono yule aliyemtukana, anasema nchi iko salama."

"Wuui," alisema Warigia. "Afadhali wetu. Wetu akishindwa mchujo asubuhi, jioni ako na chama kipya na kofia mpya, na wewe unajua ako wapi."

Wa tatu alikuwa mrefu, mrefu wa kuinama mlangoni. Yeye alicheka tu. Alitaniana na watu hotelini, akala mkate wao. Wanawake walitaka kumpenda, lakini mtu wa nyuma akasema amesikia huyo ameacha mke wa kwanza na wa pili, basi Kamrefu, kama walivyokwisha kumbatiza, akawekwa kando. Halafu akaja wa nne. Alikuwa gavana, mtoto wa mchungaji, na Biblia kwapani. Akapiga magoti zizini, akaomba, akainuka, akakamua ng'ombe.

Hapo kamati ilisogelea simu, maana sasa kazi ilikuwa imeletwa kwa mafundi.

"Anavuta kwa vidole viwili," Warigia alisema mwishowe. "Huyo ng'ombe anaumia."

"Lakini ameomba kwanza," alisema Wamucii.

"Ameomba, hiyo siwezi kukataa."

Wakaamua ni wa Biblia. Jioni Wamucii akampigia Munene, akampa jina, na Munene akacheka kwa furaha. "Mami, unajua hata mimi nilikuwa karibu na huyo? Kanisani kwetu wengi ni wake." Wamucii alilala akijiona mtu mkubwa. Mambo ya Marekani, kumbe hata hayana ugumu.

Ugumu ulikuwa kwa Mwalimu Gicheru, jirani yake aliyestaafu, ambaye redio yake haizimwi hata wakati wa maombi. Alhamisi Wamucii alimpelekea ndizi, akamwambia, kwa kujivuna kidogo, lazima tukubali, kwamba yeye ameshamchagulia Marekani rais.

"Yupi?"

"Yule wa Biblia."

Gicheru aliweka ndizi chini. "Mama Munene, huyo umemsikiliza kweli?"

"Nimemwona akiomba."

"Kuomba anaomba. Lakini anasema hivi: raia akitaka kuleta mke wake, sawa. Mtoto mdogo, sawa. Mama na baba, hapana. Ati siku ya kwanza akiingia ofisini, hiyo njia anataka ifungwe."

"Mama wa nani?"

"Wa kila mtu."

Wamucii alikaa kitini bila kualikwa. "Lakini huyo ni mtu wa Mungu. Na amri ya tano je, ya kuheshimu baba na mama?"

"Hiyo hawajamuuliza kwa redio."

"Na hao wengine?"

"Wa matrekta leo anasema hivi, kesho vile. Yule mama wa miwani anakubaliana na wa Biblia, ila anamwita mwongo. Yule mrefu peke yake ndiye anasema wazazi waachwe waje. Amesema wazi kwamba mtu hawezi kutuliza nyumba kama mamake yuko ng'ambo ya maji."

"Kamrefu? Yule wa kuacha wanawake?"

"Huyo huyo. Kwa hesabu ya redio ako na kura tatu kwa kila mia."

Sasa niambie wewe, ungefanya nini? Wamucii alitoka pale na kichwa kimejaa maji moto. Kila kitu alichoamini kilikuwa kwa mtu mmoja, na mlango wake ulikuwa kwa mtu mwingine. Wa Biblia alisema juu ya ndoa, juu ya watoto, juu ya kufanya kazi kwa mkono, maneno ambayo Wamucii mwenyewe angeyasema akipewa kipaza sauti. Kamrefu alikuwa mtu ambaye, angekuwa wa Mukurweini, asingempa hata chai. Lakini huyo wa kunyimwa chai ndiye aliyesema wazazi waje, naye amwone mjukuu.

Tena kulikuwa na aibu. Mwana amekuletea malimbuko yake kwa mikono miwili, nawe uyatumie kujinunulia safari? Na mzazi akishatoa neno, anaweza kulirudisha kama kitenge dukani? Ijumaa alienda posta, hakuna barua. Jumamosi alimwuliza Warigia, kwa mzunguko, eti kuna mtu fulani anayejua mtu fulani.

"Huyo mtu fulani ni wewe," Warigia alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Pigia mrefu. Mungu anajua moyo."

"Mungu huyo huyo ndiye nimemwahidi wa Biblia!"

"Basi pigia wa Biblia, halafu umwombe abadilike."

"Akikataa kubadilika?"

"Sasa mimi Warigia nitajuaje? Kwani mimi ni Mmarekani?"

Jumapili kanisani chama cha akina mama kilimwombea mgombea wa Mama Munene apite kwa kishindo. Walimwombea kwa nguvu sana, wengine kwa machozi. Wamucii alisimama katikati yao, na kila walipotamka "mlango ufunguliwe" alifumbua jicho moja. Hakujua tena aseme amina ya nini. Alirudi nyumbani na hasira, hasira na Munene kwa kumpa zawadi hii, hasira na Gicheru na redio yake, na zaidi hasira na yeye mwenyewe, kwa kuwa alilijua jina analolitaka na mdomo ulikataa kulitaja.

Jumanne, saa kumi za jioni, simu ililia akiwa zizini. Huko New Hampshire ilikuwa saa mbili asubuhi. Munene alikuwa kwenye gari mbele ya shule wanayopigia kura, theluji imemfunika kioo.

"Mami, nimefika. Naingia nimpe wa Biblia yake, halafu nikimbie kazini."

"Ngoja!"

"Nini?"

"Usiingie bado." Wamucii akaacha ndoo. "Huyo wa Biblia. Nimemtazama tena. Hakamui vizuri."

"Mami, hawachagui wa kukamua."

"Hata macho yake. Nimeyaona macho yake."

"Lakini wewe ndiye ulisema. Na mmemwombea, Warigia alinitumia ujumbe. Unataka nani?"

"Mimi sitaki mtu. Nasema tu ngoja."

"Mami, kazi ni saa tatu. Kuna mzee huko hawezi kuamka kitandani mpaka nifike. Sema tu. Sema kitu iko kwa roho."

Wamucii alimtazama ng'ombe, akautazama mlima uliojificha kwenye mawingu, akaona hakuna wa kumsaidia. Likamtoka kwa mkupuo, kwa sauti ya juu.

"Atanifungia njia! Mwalimu Gicheru amesema anataka kukataza akina mama. Karatasi zangu zikifika mezani kwake zitatupwa, na huyo mtoto atakuwa mkubwa hanijui. Mpe Kamrefu. Najua ameacha wanawake wawili. Mpe hivyo hivyo."

Upande wa pili ilisikika ile fimbo ya kupangusa kioo ikienda na kurudi.

"Karatasi gani, Mami?"

"Za kuja huko. Ulizoniombea."

"Mimi sijaomba karatasi yoyote."

Wamucii alishika mlango wa zizi. Miezi minne ya posta, na hapakuwa na kitu cha kungojewa.

"Mami, nilikuuliza," Munene alisema. "Usiku ule nilikula kiapo. Nilikuuliza, Mami, ungetaka kuja ukae na sisi? Ukaniambia, na ng'ombe nitaachia nani. Nikamwambia Kagendo, mami hataki. Tulihuzunika wiki nzima. Sikutaka kukusumbua tena."

Ng'ombe nitaachia nani! Jamani. Hakuna mtu Mukurweini, wala Kangema, wala hata huko Meru kwa akina Kagendo, asiyejua maana ya maneno hayo. Ni maneno ya mtu mwenye adabu. Ukikaribishwa chakula unasema umeshiba, na mwenyeji anakukaribisha tena, na tena, ndipo unanawa mikono. Ungeruka kwa mwito wa kwanza kama mtu mwenye njaa? Wamucii alikuwa amejibu alivyofunzwa na mama yake, akakaa kungoja kuulizwa mara ya pili. Na Munene, miaka kumi na minne kwa watu ambao ndiyo yao ni ndiyo na hapana ni hapana, alikuwa amelichukua neno la kwanza akaenda nalo.

"Ulifaa kuuliza tena!" alipiga kelele, na machozi yakatoka. "Nani alikufunza kuuliza mara moja? Mimi?"

"Nilidhani hutaki!"

"Mimi nataka! Nataka mpaka silali! Wagombea wanne wamenisumbua wiki nzima kwa sababu ya mlango ambao hata hujabisha!"

Munene alikuwa analia naye, bila kujificha, mtu mzima ndani ya gari. Watu walipita na makoti yao mazito kwenda kupiga kura. Baadaye akapenga kamasi, akauliza yule mrefu anaitwa jina gani hasa kwenye karatasi ya kura, maana yeye hakuwahi kumfuatilia.

"Mwache kwanza Kamrefu," Wamucii alisema. "Niulize tena."

"Nikuulize nini?"

"Hilo swali. Niulize vizuri."

"Mami," Munene alisema polepole, "ungetaka kuja ukae na sisi?"

Na unajua, hata wakati huo, ulimi wa mwanamke huyo ulianza wenyewe. "Na ng'o..." alisema, akajishika mdomo kwa kiganja chenye maziwa.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, nataka."