Kura Iliyonisubiri Ndivani

Jana usiku, nimeshasali na kujifunika, niliota niko ndivani, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Maji hakuna. Chini yamepangwa mabenchi, na kwenye mabenchi zimekaa kura, zimetulia kama wagonjwa wa zahanati.

Sikushangaa. Tangu Jumanne tunamchagua msimamizi wa zamu za maji kwa simu. Mimi nilimpigia kura Namsifu, aliyesema sisi wa mkiani mwa mfereji tutapata siku yetu bila kupokonywa. Bwana Kadeghe akirudi, maji yataishia kwa wa juu kama mwaka jana, na maharage yangu yatakauka yakiwa na maua. Shamba hilo ndilo aliloniachia marehemu mume wangu.

Mkwe wangu Yunisi alinihimiza. "Mama, utaletewa ujumbe wenye namba. Uingize uone kura imefika kama ulivyoipiga."

"Nikishaomba, simchungulii Mungu kama amesikia."

"Mungu hahesabu kwa simu, mama. Hii wanahesabu watu."

 Ujumbe ukaja, nikauacha bila kuufungua.

Basi, langoni mwa ndiva ameketi kufuli, amevaa miwani.

"Karibu, mama. Umemfuata nani?"

"Kura yangu. Mimi ni Mama Gideoni, huku wote wananijua."

Kufuli anaziba masikio. "Usinitajie jina! Kura ni siri. Nikikujua nafukuzwa kazi, nami nina funguo wawili wanasoma. Nipe namba."

Natoa simu mfukoni, imekuwa gunzi la hindi. Zimebaki punje sita, kila moja na tarakimu yake. Nasoma: nne, sifuri, saba, saba, moja, tisa.

Kutoka benchi la nyuma inakuja kura yangu. Kimo chake kama cha mtoto wa darasa la pili, imefungwa kitambaa mdomoni. Kufuli anakifungua.

"Shikamoo, mama. Umekawia."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, ila nguo hii si yangu."

Natazama. Imevaa fulana yenye uso wa Bwana Kadeghe, na uso huo unatafuna muwa.

"Nani kakuvisha hivi? Mimi nilimbonyeza Namsifu!"

"Ulimbonyeza, mama. Kidole chako kina sugu ya jembe, simu haikukisikia. Ulipobonyeza tena, picha za wagombea zilikuwa zimesogea. Hakuna mwizi hapa."

Mara ndiva imekuwa kanisa letu, na kura zote zimesimama kwenye safu za kwaya. Fulana ya Kadeghe inaimba sauti ya nne, na inaimba vizuri, lazima niseme kweli.

"Na hawa wenzako, nguo ni zao?" nauliza.

"Hatujui. Wenyewe hawajaja kututazama."

Namgeukia kufuli, ambaye sasa anapokea sadaka. "Nikihakiki, si nitakuwa nimewashuku watu?"

"Mama, ukiinua shuka uone kama mtoto amejifunika, umemshuku nani?"

Kufuli anafunika kikapu cha sadaka.

"Una mpaka kesho saa sita mchana," anasema. "Unapiga tena, ya mwisho ndiyo inayohesabiwa."

Maji yakaanza kuingia madirishani. Kura yangu ikanishika gauni. "Usiniache hivi, mama." Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Yunisi alikuwa akikoroga uji. Nikampa simu, nikamwambia aingize nne, sifuri, saba, saba, moja, tisa. Akaingiza. Akatokea kwenye kioo Bwana Kadeghe, anatabasamu.

"Mama! Huyu ndiye uliyempigia?"

"Nirudishe nipige tena."

Safari hii nilitumia kidole cha mwisho, ambacho hakijui jembe. Ikaja namba nyingine, Yunisi akaihakiki palepale. Namsifu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

 Yunisi alikuwa akiutazama ule ujumbe wa Jumanne.

"Mama, huu haujafunguliwa mpaka leo. Namba ulisomewa na nani?"

"Na kufuli," nikamjibu, nikajitupia mtandio. Mama Kilave, mwenzangu wa mkiani, naye alipiga Jumanne na hajahakiki, kwake ni mbali, na saa sita haitanisubiri.