Nyimbo Kumi na Mbili za Papa Kasonde

Mzee ambaye Keren hakuwahi kumwona maishani alisimama mlangoni mwao, pale mtaani Makomeno, kofia mkononi, akauliza kabla hata ya kukaribishwa:

"Njo wewe Keren? Banasema uko na kitu mu simu, inasikiaka muntu akiimba, inaandika noti."

"Karibu, papa. Ikala kwanza."

Mgeni aliketi, akanywa maji, akajieleza. Aliitwa Papa Kasonde, mwalimu wa kwaya ya Kambove kwa miaka thelathini na mmoja. Jumatatu angepasuliwa koo hapa mjini, na daktari hakumficha: huenda sauti isirudi. Nyimbo kumi na mbili alizotunga zilikuwa kichwani mwake tu.

"Solfa naijua," alisema. "Lakini mukono inatetemeka. Siwezi tena kuandika."

Keren alikuwa amemaliza masomo ya kompyuta chuoni Kasapa miaka miwili iliyopita, na tangu hapo hakupata kazi. Juma lile alichaguliwa kuwa mmoja wa watu ishirini wa kujaribu programu mpya iitwayo Sikio. Watakaobaki hadi mwisho wangeajiriwa na waundaji wake. Habari zilikuwa zimeshaenea mtaani, ingawa kiungo cha kuipakua kilikuwa kimemfikia asubuhi ileile.

"Papa, hii kitu ingali mutoto," alimwonya. "Inaweza kuanguka yenyewe."

"Hata mutoto tunamuimbiaka."

Wakaisakinisha pamoja, vichwa vikikaribia kugusana juu ya kioo. Simu ilionya kwamba haijui programu hiyo imetoka wapi, Keren akakubali. Iliomba kutumia maikrofoni. "Uiruhusu," alisema mzee. "Itasikia na nini?" Sikio likafunguka, likazimika, likafunguka tena.

Papa Kasonde alitoa diapazoni mfukoni, kile chuma cha kutafutia sauti, akakigonga gotini, akakiweka sikioni, akaimba. Noti zikaanza kujitokeza kwenye kioo, moja baada ya nyingine. Keren alimsogezea simu karibu zaidi.

"Nitakuandikia zote kwa mukono, papa," alisema siku ile. "Zote kumi na mbili, mbele uingie operesheni."

Kwa siku mbili mzee aliimba, mpaka sauti ikabaki mnong'ono.

Ijumaa Keren aligundua jambo. Nyimbo zote, za huzuni na za kucheza, zilianza na noti zilezile nne: do, fa, la, do. Baada ya hapo kila noti ilikuwa imehama mahali pake. Alirudia kusikiliza mara tatu, kisha akacheka peke yake. Kabla ya kila wimbo Papa Kasonde alikuwa akiwagawia waimbaji sauti zao, besi, tena, alto na soprano, kama alivyozoea miaka yote. Sol ya besi ndiyo iliyotangulia, na Sikio likadhani hiyo ndiyo do.

"Papa, ulikuwa unapatia bantu gani sauti? Tulikuwa bawili tu."

Mzee alifikiri. "Bantu bangu. Siwezi kuanza kama habajapata."

Keren aliwaandikia waundaji kwa furaha. Jumamosi saa tatu asubuhi walimjibu: pongezi, kosa limerekebishwa katika toleo jipya, lisakinishwe kabla ya adhuhuri, na atakayechelewa atatolewa kwenye orodha. Chini, kwa herufi ndogo, waliongeza kwamba toleo jipya litafuta sauti zote zilizorekodiwa. Kitufe cha kuzihifadhi kwingine kilikuwa bado hakifanyi kazi.

Alikuwa amesahihisha na kunakili nyimbo tano. Kila mmoja ulimchukua karibu saa nzima, maana ilibidi asikilize sauti ya mzee mstari kwa mstari. Aliomba wamsubiri hadi jioni. Wakajibu: "Utaratibu ni mmoja kwa wote."

Keren alikitazama kitufe cha kusakinisha. Alitamani kujua lile toleo jipya lingesikiaje, na hamu hiyo ilimuuma kuliko hata kuikosa ile kazi. Halafu akachonga penseli na kufungua wimbo wa sita.

Adhuhuri ilimkuta kwenye wa nane. Ujumbe uliingia, wa kumshukuru kwa mchango wake na kumuaga. Aliusoma mara moja. Toleo la zamani liliendelea kuimba kana kwamba halijaambiwa chochote, naye akaendelea kuandika.

Jumapili alasiri alimkabidhi Papa Kasonde kurasa kumi na mbili kitandani hospitalini. Mzee alizipitia kwa kidole, midomo ikitikisika. Kwenye wimbo wa tisa kidole kikasimama.

"Hapa ni la, haiko sol."

Keren alifuta, akaandika upya.

"Na ile mutoto yako, iko namna gani?"

"Anakomaa, papa."

Mzee aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Akatoa diapazoni, akaigonga gotini, na kwa mnong'ono akaanza kugawa sauti: besi, tena, alto. Alipofika soprano alimtazama Keren, akangoja aipokee.